Vidole Vinne

Tozeur, Alhamisi alasiri, 21 Novemba

Kaka yangu mpendwa Tijani,

Assalaam alaykum. Namwomba Mungu karatasi hii ikukute mzima, wewe na wifi Samia na watoto, na baridi ya Lyon isiwe imewaingia vifuani kama mwaka jana. Yassin anaendeleaje na meno yake? Mama ananiuliza kila asubuhi kama yameota, utadhani mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakula, analalamika chumvi imezidi, halafu anaongeza nyingine, kwa hiyo ujue hajambo. Mitende yetu imezaa kuliko mwaka jana, ingawa mvua ilituozeshea mashada matatu. Tende zako tumeziacha kwenye vikonyo vyake kama unavyozipenda, na mtoto wa jirani anayesafiri mwezi ujao amekubali kukubebea.

Utashangaa kupata barua wakati tunaongea kila Ijumaa. Ijumaa iliyopita uliniambia sauti yangu imekuwa kama ya mtu anayeongea na kitambaa mdomoni, nikakujibu ni mafua. Hayakuwa mafua. Kwa simu nitalia, wewe utanituliza, na nikishatulizwa sitasema. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Isome ukiwa peke yako, na uisome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Habari ya nyumba ya ukoo wa Bani Sghaier umeshaipata. Picha zake zimezunguka mpaka kwa Watozeur walioko Kanada. Umeuona ule ukumbi uliobaki wazi, matofali yamelala juu ya mazulia na mbingu inaonekana pale ilipokuwa dari. Umesikia pia wanavyosema kuhusu mimi, kwamba Hedia binti wa fundi Lazhar aliwatoa watu sitini darini kabla dari haijaanguka. Wewe mwenyewe uliniandikia maneno mawili tu, kwamba Baba angejivunia. Niliyasoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaizima simu. Ngoja nikueleze yalivyokuwa, tangu mwanzo, maana hakuna mtu mwingine aliye hai anayeyajua yote.

Kazi yangu unaijua. Mara mbili kwa siku nawachukua wageni pale kwenye lango, nawapitisha vichochoro vya mtaa wa zamani. Sijawahi kukuambia jinsi ninavyoipenda, kwa sababu mtu akikulia katikati ya kitu anaona aibu kukisifu. Lakini kuna saa, kama saa nne asubuhi, jua linapouingia ukuta kwa ubavu, na yale matofali yaliyotokeza nje yanaanza kutupa vivuli vidogo vidogo, na ukuta uliokuwa mtupu unajaa nyota na mitende na ngamia kama zulia lililotundikwa. Hapo huwa nanyamaza. Nawaacha wageni waone wenyewe. Wengine wanacheka kwa furaha. Mwaka huu mama mmoja Mjerumani, mzee kuliko Mama, aliliegemeza shavu lake ukutani akafumba macho, akasema una joto kama mkate. Na wa Tunis ndio wanaonifurahisha zaidi, wale vijana waliosoma, wanaokuja wakidhani huku kuna mchanga na nge tu, kisha wanaondoka wakiuliza bei ya kiwanja.

Nyumba ya Bani Sghaier ilikuwa ndiyo tunda la ziara yangu. Bwana Nouri wa Sfax alipoinunua miaka mitatu iliyopita aliigeuza nyumba ya wageni ya vyumba sita, na nikamwambia kila mtu kuwa amefanya vizuri, kwa sababu milango ya mtende ilipakwa mafuta upya, kisima cha uani kikasafishwa, na ule ukumbi mkubwa wa chini, wenye boriti ndefu na dari iliyopakwa rangi ya samawati, ukafunguliwa kwa watu. Juu ya ukumbi, darini, akamwita fundi Khemais, yule yule rafiki yako mliyekuwa mkiiba naye tende za shule, aweke vigae na viti ili wageni wanywe chai wakiangalia mitende. Jikoni akamweka Mongia, mjane wa muuza mafuta ya taa. Mongia anawapikia wageni mkate wa mtabga wenye pilipili mpaka machozi yanawatoka, halafu anawapelekea maziwa, akisema kwamba hiyo ni sehemu ya utamaduni wetu na hawatatozwa zaidi.

Sasa mvua. Mwishoni mwa Oktoba ilinyesha siku mbili bila kupumzika. Unajua mvua ni nini kwa nyumba zetu. Watoto walicheza ndani ya madimbwi, na watu wazima walisimama milangoni wakiangalia juu. Kwa jirani Bahri ukuta wa zizi ulilala chini kama mtu aliyechoka. Nyumba ya Bani Sghaier haikuonekana kuwa na tatizo, na Bwana Nouri alifurahi kwa sababu hewa ilikuwa safi na wageni wa sikukuu ya mavuno walikuwa wanapiga simu.

Siku ya tatu baada ya mvua nilimkuta Mongia ukumbini amepiga magoti anafagia zulia. Alisema kuna mdudu. Kila asubuhi anakuta vumbi la chokaa mahali pale pale, mstari mwembamba, upande wa ukuta wa mashariki, na mwingine upande wa magharibi. Nikatazama juu. Sikuona kitu. Nikamwuliza kama amesikia sauti yoyote. Akasema ndiyo, alfajiri anapokuja kuwasha jiko kunakuwa na sauti kama mtu anatafuna karanga, na kwamba kama ni panya basi ni panya mwenye meno mazuri kuliko yake. Akacheka. Mimi sikucheka.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri, Tijani. Kila nilipofika pale na wageni, kitu cha kwanza nilitazama zulia. Nikikuta limefagiliwa, nilimwuliza Mongia vumbi la leo lilikuwa kiasi gani, naye akanionyesha kwa kiganja. Siku ya kwanza kijiko, siku ya nne konzi. Alianza kunitania, akaniita mkaguzi wa vumbi. Siku moja wageni walipotoka nilibaki nyuma, nikasimama chini ya kile kipande cha dari nikazuia pumzi. Nikasikia. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kisha kimya, kisha tena. Miguu ilinipeleka nje yenyewe.

Sababu ya hofu yangu nitakuambia. Usiniharakishe.

Jumamosi ya tarehe tisa ilikuwa sikukuu. Bwana Nouri alikuwa amewaalika wageni wake wote na wa nyumba nyingine mbili, wakapanda darini saa tisa alasiri, na kundi la ngoma kutoka Nefta nalo likapanda, wapiga ngoma wanne na mpiga zumari. Mimi nilikuwa chini ukumbini na Wafaransa wanane, nawaeleza habari ya maji ya oasisi na jinsi yalivyogawanywa zamani kwa saa ya mtungi unaovuja tone kwa tone. Ngoma zikaanza. Halafu watu wakaanza kudunda kwa miguu kufuata ngoma, kama wanavyofanya kwenye harusi, na nikaona ile plasta pale ukutani, chini kidogo ya boriti ya katikati, inafunguka. Haikupasuka kwa kishindo. Ilifunguka polepole kama mdomo wa mtu anayetaka kusema kitu na hajui aanzie wapi. Chokaa ikamwagika begani kwa Mfaransa mmoja, akajipangusa akitabasamu.

Niliwaambia watoke waende uani wakapate chai. Kisha nikapanda ngazi mbili mbili. Nilimkuta Bwana Nouri amevaa kanzu nyeupe ya jebba, anapiga makofi. Nikamvuta pembeni nikamwambia awashushe watu, dari haifai. Akaniuliza haifai vipi. Nikasema nimeona ufa.

“Bi Hedia,” akasema akicheka, “nyumba hii ina miaka mia tatu. Imewaona Waturuki wakiondoka, Wafaransa wakaja wakaondoka, leo ndiyo iangushwe na ngoma za Nefta?”

Nikamwambia namwapia. Akaniuliza nimejuaje, mimi ni mhandisi? Akasema Khemais aliikagua dari nzima kabla ya kuweka vigae, akaigonga kwa nyundo, akaiona ngumu. Akanipa glasi ya chai nishike, kama mtu anayemtuliza mtoto.

Hapo, kaka, ndipo nilipokosea. Ningeweza kumjibu nimejuaje. Jibu nilikuwa nalo, na lingemfanya yule mtu ageuke rangi na kuzima zile ngoma kwa mikono yake. Sikulitoa. Watu walikuwa wanadunda, vigae vilikuwa vinatetemeka chini ya viatu vyangu, na mimi nilikuwa natafuta namna ya kuwaokoa bila kusema. Nikaiangusha glasi, nikapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikasema gesi. Gesi inavuja jikoni, shukeni, mtungi utalipuka! Nikasema kwa Kiarabu, nikasema kwa Kifaransa, nikasema na kwa Kijerumani changu cha kuokoteza.

Walishuka. Kwa hilo wananisifia, na ni kweli walishuka. Kwa ngazi ya nje inayoshukia uani, wakisukumana, mmoja amebeba kiatu, wapiga ngoma wameinua ngoma zao juu ya vichwa. Niliwahesabu wakipita mbele yangu na nikashuka wa mwisho. Tulipofika kichochoroni, na Wafaransa wangu pamoja nasi, nikasema moyoni mwangu kwamba nimeweza, watu wametoka na siri imebaki.

Ndipo nikauliza Mongia yuko wapi.

Mpiga zumari akajibu kwamba yule mama wa jikoni alikuwa uani anagawa chai, na aliposikia gesi alisema ameuacha mtungi wazi, akarudi ndani mbio kuufunga. Kutoka uani kwenda jikoni, Tijani, mtu anapita ukumbini.

Nilikimbilia mlangoni. Nilimwona akitoka jikoni, akijipangusa mikono kwenye aproni, uso umejaa mshangao, na akafungua mdomo kuniambia kitu. Sijui kama nilisikia dari au niliiona kwanza. Nakumbuka tu upepo, upepo mzito wenye vumbi uliotoka ukumbini ukanisukuma mpaka ukuta wa pili, na baadaye kimya ambacho ndani yake kigae kimoja kimoja kiliendelea kuanguka.

Khemais alifika kabla ya gari la zimamoto. Alikuwa dukani kwa kinyozi, nusu ya kidevu ina sabuni. Aliingia mle ndani wakati kila mtu anamzuia, akachimba kwa mikono. Alikuwa anasema naye muda wote, anamwambia Mongia usilale, bado hujanipa deni langu la mtabga, Mongia nitukane basi, nitukane nisikie. Kwa muda wa saa moja na nusu hakutukanwa. Halafu tukasikia sauti kutoka chini ya boriti ikimwambia aache kumkanyaga nywele, punda yeye. Watu wote waliokuwa kichochoroni walilia.

Yuko hai. Nyonga imevunjika na mguu wa kulia umevunjika mahali pawili. Madaktari wanasema atakaa, atasimama. Kuhusu kutembea hawasemi. Jumatatu iliyofuata polisi walikuja kumchukua Khemais, wakasema ni kwa mahojiano, kwa sababu yeye ndiye fundi wa mwisho aliyegusa dari ile, na vigae vyake vilikuwa vizito. Hajarudi mpaka leo. Mkewe alikuja kwetu akaketi hapa hapa ninapoandikia. Alisema mhandisi kutoka mjini ameandika kwamba ni uzito wa vigae. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa pale, kama sikuona jambo lolote litakalomsaidia mumewe. Nilimwambia sikuona. Alinishukuru, Tijani. Aliubusu mkono wa Mama akatoka.

Jumapili iliyopita nilikwenda hospitali na supu. Mongia alikuwa ameinuliwa mguu kwa kamba, mwembamba, mweupe mdomoni. Alinitania kidogo, akasema sasa na yeye ni mnara wa kihistoria, niwalete wageni. Halafu nesi alipotoka akaniangalia usoni.

“Mwanangu,” akasema, “mtungi niliukuta umefungwa. Niliufunga mwenyewe tangu mchana. Wewe harufu uliisikia wapi?”

Nilimwambia labda ilikuwa ya jirani. Akasema labda. Akageuza uso akatazama dirishani, nami nikakirudisha kijiko cha supu ndani ya bakuli.

Sasa nakuambia.

Unakumbuka Februari ile, wiki ya mwisho ya Baba. Jumapili adhuhuri Mama alikuwa amekwenda kwa Shangazi, nami nilikuwa nambadilishia mto. Alinishika kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu bado. Alisema kuna jambo la nyumba ya Bani Sghaier. Miaka thelathini na moja kabla ya siku ile, mzee wao alimpa kazi ya kuezeka upya dari ya ukumbi kabla ya harusi ya binti yake. Boriti zilitoka Degache, na mbili za katikati zikaja fupi. Baba alisema asubiri zije nyingine. Mzee akamwambia harusi haisubiri mtende ukue, na kama yeye hawezi wako mafundi wengine wanaoweza. Baba alikuwa kijana, jina lake ndiyo kwanza linaanza kutajwa. Akaziweka. Boriti nzuri inaingia ndani ya ukuta dhiraa nzima. Zile mbili ziliingia vidole vinne huku na vidole vinne huku. Alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe, vidole vimeshikamana juu ya blanketi. Akaweka tofali la kushikilia chini yake, akapiga plasta, akapaka samawati, na watu wakacheza harusi.

Alisema alikusudia kurudi baada ya harusi azibadilishe. Halafu akasema baada ya mavuno, halafu baada ya Ramadhani. Kadiri jina lake lilivyokua ndivyo ilivyokuwa vigumu kwenda kumgongea mtu mlango na kumwambia nilikudanganya. Aliniambia, “Nenda wewe ukawaambie. Mimi uso sina.” Nikasema nitakwenda. Jumatano akafa.

Sikwenda. Kwanza ilikuwa matanga, na watu walikuwa wanakuja kutoka Nefta na Kebili kumsifu, ningesemaje. Halafu nyumba ikauzwa. Halafu nikaanza kazi hii, na unajua ziara yangu ninaimalizia wapi? Kwenye ukuta wa Baba, ule wa nyota nane, nyuma ya msikiti. Nawaambia wageni kwamba fundi aliyeupanga alikuwa baba yangu, wanapiga picha ukuta, wanapiga picha na mimi. Ningekwenda kusema saa ngapi? Nilijiambia imesimama miaka thelathini na moja, itasimama. Lakini mwili wangu ulijua ukweli. Kwa miaka mitatu sijawahi kumsimamisha mgeni hata mmoja katikati ya ule ukumbi. Niliwapitisha kando ya kuta, nikawaambia rangi inaonekana vizuri zaidi kutoka pembeni. Wageni wangu niliwalinda. Mongia alifagia katikati kila siku na sikumwambia kitu. Na siku ile nilipopaswa kusema maneno matano tu, boriti za Baba ni fupi, nikasema gesi. Nikampeleka kwa mdomo wangu mwenyewe mpaka chini ya zile boriti.

Jumanne hii sikuweza tena. Mama alikuwa uani anachambua tende kwenye mkeka, nzuri huku, zilizopasuka huku. Niliketi nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Nilitegemea atapiga kelele, au atanipiga kofi, au atasema namsingizia marehemu. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza alisema bila kuinua kichwa, “Kumbe alikwambia na wewe.”

Alimwambia Ijumaa, siku mbili kabla yangu. Maneno yale yale. Nenda ukawaambie, mimi uso sina. Mama alidhani ni yeye peke yake, na akaona kwamba akisema atanivunjia mimi kazi na atawavunjia wajukuu jina. Kwa hiyo miaka minne tumekula sahani moja, mimi nikimficha Mama na Mama akinificha mimi. Aliniambia kwamba siku ya mvua alisali usiku kucha, nami nikidhani anaomba kwa ajili ya mitende.  Zile tende nzuri alikuwa anazitupa kwenye fungu la mbovu, na hakuona.

Kisha akaniambia jambo ambalo nimekaa nalo siku mbili kabla ya kuanza barua hii. Alisema Jumatatu ile Baba aliomba apigiwe simu Lyon. Mama alimshikia simu sikioni, na mlipokwisha kusalimiana Baba alimtuma akamletee maji ya kisimani, wakati jagi lilikuwa limejaa pembeni yake. Aliporudi, Baba alikuwa analia na simu imekatika.

Sikuulizi kwa ajili ya kukulaumu. Mimi wa kumlaumu mtu sijabakiwa na mdomo. Lakini nadhani yule mzee alitujua. Alijua mmoja atanyamaza kwa kumpenda na mwingine atanyamaza kwa kuogopa, ndiyo maana hakumwambia mmoja tu. Alituambia sote akitumaini katika watatu atapatikana mmoja.

Kesho asubuhi mimi na Mama tutapita posta kuiweka barua hii, kisha tutakwenda kituo cha polisi. Nitasema boriti, nitasema vidole vinne, nitasema na gesi. Mama atasema yake. Watu wa manispaa wametuambia Jumamosi kuna hafla ya kunipa cheti, wamekwisha kukodi viti. Nadhani viti vitarudi vilikotoka. Khemais akitoka nitakwenda kwa mkewe, halafu kwa Mongia, na huko ndiko ninakoogopa zaidi kuliko kituoni. Sijui watanifanya nini. Sijui kama watu wataenda na nyundo kwenye ukuta wa nyota nane au wataupita tu wakitazama chini. Nimevaa sweta la Mama na bado nasikia baridi. Lakini jana, kwa mara ya kwanza tangu mvua, nililala mpaka adhana.

Hati ya kiwanja chetu na vyeti vya Baba viko kwenye kasha la bluu, endapo mtahitaji na mimi sipo. Kama Baba alikwambia, nipigie bila kusubiri Ijumaa unieleze alivyosema, neno kwa neno, hata kama ni kuchelewa. Kama hakukwambia, basi sasa umeambiwa na mimi, na unisamehe kwa kukubebesha ukiwa mbali.

Mama anakusalimu sana. Anasema umbusu Yassin kwenye ufizi, na umwambie wifi Samia asimpe maji ya baridi. Shangazi anakusalimu, na majirani wa kichochoroni wote, ambao bado hawajui. Mungu akulinde ugenini na atukutanishe tukiwa na nyuso za kutazamana.

Ni mimi dadako akupendaye,

Hedia